Saa ya Dada, Daftari la Karani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla muuza maziwa hajaanza kugonga milango, Karani alikuwa amekwisha kusimama kwenye kona ya uwanja wa shule, sweta juu ya gauni la kulalia, daftari kwapani na saa kiganjani. Ilikuwa saa ya kinesi, ile inayobandikwa kifuani kwa pini na kuning'inia kichwa chini, ili mwenyewe akiinamisha macho aisome huku mikono yake miwili ikiwa kazini. Dada yake aliitumia kuhesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa. Siku hizi, kabla ya zamu, ilipima mbio zake mwenyewe. Simu Dada aliiacha nyumbani mikononi mwa baba, ili wodi ikimtafuta awepo wa kupokea.

"Tayari?" aliuliza Dada, akiwa ameinama kukaza kamba za viatu.

"Ngoja mshale ufike juu," alijibu Karani. "Bado... bado... haya, nenda!"

Jina la Karani alipewa na baba yao, fundi viatu, kwa sababu tangu binti huyo alipojua kuandika hakuna kitu kilichopita mbele yake kikasalimika: nani ameleta kiatu gani, mvua imenyesha siku gani, paka wa jirani amezaa wangapi. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mwandiko wa kutia wivu. "Huyu akikuandika," baba alipenda kuwatania wateja wake, "huna pa kukimbilia."

Dada naye alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji katika hospitali ya mji, mwaka wa tano sasa. Jeshi alilijua kwa kulitazama barabarani tu, kama watu wengine. Lakini miaka miwili nyuma basi lilipinduka nje ya mji, majeruhi wakajaa hadi kwenye korido, na jeshi likaleta kikosi chake cha tiba kusaidia. Katika kikosi hicho alikuwemo muuguzi mmoja mwanamke mwenye nyota begani. Hakupaza sauti hata mara moja. Alipita kati ya waliolala sakafuni, akaelekeza huyu aende upasuaji, yule angoje, yule apewe maji, na kwa muda mfupi vurugu ile ikawa kazi. Dada alirudi nyumbani siku hiyo na gauni lililotapakaa damu, akasema, "Mimi nataka kuwa yule."

Aliomba, akangoja, na hatimaye barua ikaja. Afike kambini baada ya wiki nane kwa usaili wa maafisa wauguzi. Watampima afya, watamuuliza maswali, watamtaka apige pushapu ishirini na tano, kisha akimbie mizunguko sita ya uwanja kwa chini ya dakika kumi na nne. Atakayechelewa hata sekunde moja atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Na kwa Dada nafasi ilikuwa moja tu, maana usaili ungerudi baada ya miaka miwili na wakati huo umri wake ungekuwa umepita.

Basi nyumba ikageuka kambi. Baba aliacha kumwita mwanangu, akawa anamwita Afande, na kila akipita mlangoni alimpigia saluti kwa nyundo ya viatu. Dada akipiga pushapu sebuleni, baba alimwekea kiatu mgongoni. "Kikianguka, Afande, unaanza moja." Karani alikaa kitini na daftari, akiuliza vyeo kama mwalimu mkuu.

"Baada ya luteni usu?"

"Luteni."

"Baada ya luteni?"

"Kapteni. Halafu meja. Jamani, niacheni nile!"

Kila asubuhi Karani aliandika muda kwa wino mweusi. Wiki ya kwanza Dada alimaliza kwa dakika kumi na sita na nusu, anahema kama mvukuto. Wiki ya pili ikawa kumi na tano na sekunde arobaini. Wiki ya tatu kumi na nne na hamsini. Kila tarakimu ilipopungua, Karani aliruka na kupiga kelele uwanja mzima.

Furaha hiyo ilimtoka siku aliyokaa chini kunakili ile barua kwenye daftari lake, maana barua ya namna hiyo asingeiacha ipite hivi hivi. Ukurasa wa pili, ambao hakuna aliyemsomea, ulisema mafunzo ni ya miezi kumi na moja, na baada ya hapo afisa ataripoti popote atakapopangiwa.

Popote. Karani aliacha kalamu hewani. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka minane, na tangu hapo Dada ndiye aliyemsuka nywele kila Jumapili, aliyesikiliza kifua chake alipokohoa, aliyekwenda kwenye vikao vya wazazi na sare yake ya unesi huku walimu wakimpa kiti cha mbele. Baba alikuwa baba mwema, lakini baba na kichana hawakuwahi kupatana. Karani alifunga daftari. Hakumwambia mtu kitu. Moyoni alianza kuomba Dada ashindwe, akaona haya kuomba hivyo, na bado akaendelea kuomba.

Jumanne moja, mwishoni mwa wiki ya nne, Dada alimaliza mzunguko wa sita, akagusa mlingoti wa goli, akainama na mikono magotini. Karani akatazama saa. Dakika kumi na tatu, sekunde hamsini.

Dada alikuwa amefika.

"Ngapi?" Dada aliuliza, pumzi juu juu.

"Kumi na nne..." Karani aliifumbata saa kiganjani. "Kumi na nne na ishirini na mbili."

Neno lilikuwa limekwisha kumtoka. Dada alipangusa jasho, akatikisa kichwa. "Ajabu. Leo nilijisikia mwepesi. Una hakika?" Kisha akacheka kabla hajajibiwa. "Namuuliza nani? Karani hakosei." Akamshika bega wakaenda nyumbani.

Lile "hakosei" lilimchoma. Lakini kesho yake aliongeza tena sekunde, na keshokutwa tena. Dada akikimbia kwa kumi na tatu na arobaini, daftari lilisema kumi na nne na kumi na tano. Karani alijiambia kuwa huko ni kutia chumvi kidogo tu, na kwamba wanaoongeza chumvi duniani ni wengi. Atakata tamaa, alifikiri, ataona haiwezekani, atabaki kuwa nesi wetu. Hata hivyo mkono wake haukuzoea kuacha kitu bila kukiandika. Kila akitoka kuandika muda wa uongo kwa wino, alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari na kuandika muda wa kweli kwa penseli, kwa herufi ndogo sana, kisha akafunga haraka.

Kitu ambacho Karani hakukipima ni moyo wa Dada. Badala ya kukata tamaa, Dada aliongeza mazoezi. Alianza kukimbia jioni pia, akitoka zamu ya saa nane alizosimama wima. Akapunguza kula. Siku ya tano alionekana akijisugua muundi wa mguu wa kushoto. Siku ya tisa aliufunga bandeji, akasema ni uchovu. Siku ya kumi na mbili Karani alimwona akishuka ngazi za mlangoni kwa kushikilia ukuta, akageuza uso upande wa pili.

"Dada, pumzika kidogo," alijaribu kusema siku hiyo.

"Nitapumzika nikifika chini ya kumi na nne," Dada alijibu. "Wewe si unaona daftari lako mwenyewe?"

Karani aliona sasa kwamba angetaka kurudi nyuma, lakini kila siku iliyopita iliufanya mdomo kuwa mzito zaidi.

Aliyegundua alikuwa baba, na aligundua kwa njia ya kazi yake. Jumamosi mchana, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya usaili, alichukua viatu vya mazoezi ili ashone upande uliofumuka. Alivigeuza, akavisogeza mwangani, akaweka sindano chini.

"Afande, njoo hapa. Na wewe Karani, njoo."

Wakaja kwenye benchi lake lenye mabaki ya ngozi na harufu ya gundi. Baba alishika viatu viwili soli juu.

"Hivi nilivitia soli siku moja, wiki tatu zilizopita. Mnakumbuka? Sasa tazameni. Cha kulia kimelika kisigino hadi kimekuwa laini. Cha kushoto mistari yake bado ipo kama jana. Mtu mwenye miguu miwili mizima hamalizi soli hivi." Akamtazama Dada. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. "Unachechemea, mwanangu. Unautupa mwili wote upande mmoja. Tangu lini?"

"Ni kidogo tu, Baba."

"Nimeuliza tangu lini."

Dada alifungua bandeji. Muundi ulikuwa umevimba, unang'aa. Baba hakubishana naye tena. Alivaa shati, akafunga kibanda, wakaenda watatu hospitalini, Dada akiingia kwa mlango wa wagonjwa kwa mara ya kwanza katika miaka mitano.

Daktari wa mifupa alimfahamu vizuri. Aliinua picha ya mguu mbele ya taa, akaitazama muda mrefu.

"Sista, una bahati," alisema hatimaye. "Mfupa umechoka vibaya, lakini haujapata ufa. Ungeendelea hivi wiki moja tu ungepasuka, na hapo tungezungumza habari za miezi. Usikimbie kwa siku kumi. Hata kwa kulikimbilia basi."

"Daktari, usaili wangu ni baada ya siku kumi na mbili."

"Basi utakwenda na mguu uliopumzika. Au usiende. Hilo ni lako."

Waliporudi nyumbani Dada alikaa kwenye kiti cha mezani, akauweka mguu juu ya kigoda, akatazama ukuta. Kisha machozi yakaanza kumtoka. Karani hakuwa amemwona Dada akilia tangu siku ya kumzika mama yao.

"Nimejitahidi," Dada alisema, kama anayejitetea kwa mtu. "Wiki sita nzima nimejaribu na sijafika hata siku moja. Sasa siku kumi za kukaa tu? Nikienda nitakuwa nakwenda kujiaibisha. Bora nijitoe mapema, nafasi apewe mwingine." Akapangusa uso kwa kiganja. "Karani, nichanie karatasi moja kwenye daftari lako niandike barua. Hiyo ya mwisho, haina kitu."

Ilikuwa na kitu.

Karani alisimama na daftari kifuani. Alichokiomba wiki zote hizo kilikuwa mbele yake sasa, kimekuja chenyewe, na alikichukia. Angeweza kuchana karatasi ya katikati. Ingeandikwa barua, Dada angebaki, Jumapili angemsuka nywele kama kawaida, na kila Jumapili Karani angekaa kati ya magoti yake akijua. Akapiga moyo konde, akafungua ukurasa wa mwisho, akaliweka daftari mezani likiwa wazi.

"Muda wa kweli ni huu," alisema. "Wa mbele niliuongeza mimi."

Dada alisoma. Kidole chake kilishuka polepole kwenye mstari wa penseli: kumi na tatu na hamsini, kumi na tatu na arobaini na moja, kumi na tatu na thelathini na sita. Kilifika mwisho, kikarudi juu, kikasimama kwenye ile Jumanne.

"Siku hii nilikuwa nimefika?"

"Ndiyo, Dada."

"Na siku zote hizi, nikifunga bandeji mbele yako, ulijua nimefika?"

Karani alianza kulia kwa sauti. "Sikutaka uende. Nilisoma ile barua, miezi kumi na moja, halafu popote. Nilifikiri utachoka uache. Sikujua kama utaumia."

Baba alikuwa mlangoni, ameshika kofia yake. Nje mtoto wa jirani alikuwa akisukuma gurudumu, na mlio wake ulisikika hadi alipokata kona.

"Kaa hapa," Dada alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa chini, na ukali huo wa chini Karani aliuogopa kuliko kelele. "Wodini kwetu kila kitanda kina karatasi yake miguuni. Muuguzi wa zamu iliyopita anaandika joto la mgonjwa, mapigo yake, dawa aliyopewa na saa aliyopewa. Mimi nikiingia simkuti muuguzi huyo, amekwenda kwake kulala. Nakuta mwandiko wake tu. Nachoma sindano kwa kuuamini mwandiko wa mtu ambaye hayupo. Akiandika uongo, hata kama ni kwa huruma, hata kama anampenda yule mgonjwa kama mama yake, atakayemdhuru mgonjwa ni mimi, kwa mkono wangu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Najua unanipenda. Ndiyo maana inaniuma zaidi." Akachukua saa yake ya kinesi kutoka mezani, akaibandika kifuani pake. "Barua siandiki. Nitakwenda."

Siku kumi zile zilikuwa ndefu. Dada alijisomea huku mguu ukiwa juu, alijibu salamu, alikula, lakini hakutania. Karani alimletea beseni la maji baridi asubuhi na jioni bila kuambiwa, akamkandia muundi hadi uvimbe ukanywea. Lililomuumiza kuliko yote lilitoka kwa baba. Baba hakumchapa wala kumgombeza. Aliacha tu kumwita Karani. Akimhitaji alimwita kwa jina la kwenye cheti cha kuzaliwa, jina lililosikika kama la mtoto mgeni aliyekuja kusalimia.

Siku ya usaili Dada aliondoka na gari la kwanza. Karani alikwenda shule, lakini aliyoyaandika darasani siku hiyo hayakusomeka. Jioni walikaa kibandani roho juu, baba akipiga msumari ule ule mara tatu. Dada alipotokea mwisho wa barabara, viatu mkononi, vumbi hadi magotini, hakuna aliyeweza kuusoma uso wake. Alifika, akakaa kwenye benchi, akamwita mdogo wake kwa kidole.

"Mzunguko wa tano mguu ulianza kuniuma," alisema. "Nikataka kusimama. Wengine walikuwa wananipita. Halafu nikakumbuka ule mstari wako wa penseli. Nikasema, mimi nimewahi kufika, tena si mara moja. Nikaendelea." Akaweka viatu chini. "Sajenti alisoma saa. Kumi na tatu na hamsini na saba."

Baba aliinuka na nyundo yake, akapiga saluti ndefu, na safari hii haikuwa ya mzaha. Kisha akageuka.

"Karani," aliita. "Lete daftari."

Karani alilileta mbio. Aliandika tarakimu zile kwa wino, ukurasa wa mbele, machozi yakidondokea karatasi.

Mwezi uliofuata, barua ya kumwita mafunzoni ilipofika, walimsindikiza Dada kituo cha basi. Alikuwa amenyoosha gauni, viatu vyake baba alikuwa amevisugua hadi vikaonyesha sura ya mtu. Begi likapakiwa. Dada akachuchumaa mbele ya mdogo wake, ile saa ikining'inia kifuani pake kichwa chini.

"Niambie. Utakuwa sawa?"

Jibu rahisi lilikuwa ulimini, ndilo ambalo kila mtu husema kwenye vituo vya mabasi. Karani alifungua mdomo alitoe, akalirudisha.

"Hapana," alisema. "Sitakuwa sawa. Usiku nitaogopa, na nywele Baba hajui kusuka. Lakini nenda, Dada. Nataka uende."

Dada alimvuta akamkumbatia kwa nguvu. "Hicho ndicho kipimo cha kweli," alimwambia sikioni. "Ungeniambia uko sawa, ningeandika barua mara moja kwa mwezi na kujiona nimefanya vizuri. Sasa nimejua, kwa hiyo nitaandika kila Jumapili. Na nywele, nimeshaongea na yule mama muuza maziwa, atakusuka. Mtu anayekupenda mwambie ukweli, mdogo wangu, hata ukiwa unauma. Bila huo hana namna ya kukusaidia."

Basi lilipoondoka, baba na bintiye walibaki wamesimama hadi vumbi likatulia. Baba alikuwa akifikicha macho.

"Hii gundi ya viatu," alisema, "inachoma sana."

"Baba, leo hujagusa gundi."

Baba alimtazama, akacheka kicheko kilichokatika katikati, akamshika mkono. Walipofika nyumbani, Karani alikaa kwenye benchi la kibandani, akafungua ukurasa mpya, akaandika kwa wino mweusi, kwa mwandiko wake mzuri: "Leo Dada ameondoka. Mimi nimelia. Baba pia amelia."